Sukari Ipo

Alhamisi nilimpeleka Khatibu, mwana wa dada yangu,
Wete, hospitali, chumba cha mwisho kabla ya ukuta.
Honda ya kuazima. Mimi mbele, yeye nyuma,
kanishika kiunoni kama mtoto,
yeye aliyerudi Kongo na kofia ya buluu
na pesa za kuezekea nyumba ya mama yake.

Bati lile lile ndilo linalomuua.
Nazi ikianguka usiku, moja tu,
yuko uvunguni, na panga.
Mkewe karudi kwao Kangagani na watoto wawili.
Watu wakasema: sheitani wa msituni, kamfuata.
Tukamnywesha kombe. Tukamnywesha la pili.
Zafarani ikaacha midomo yake manjano,
na usiku nazi ikaanguka.

Sikumwambia mtu kwamba naujua mshindo ule.

Mie niliondoka Pemba mwaka wa sabini na nane,
msimu wa karafuu, utomvu bado unanata vidoleni.
Sijapata kuona mvua kama ya kule,
wala migomba: mlima mzima migomba,
na kila jani lina mtu nyuma yake,
au halina.
Ubaya wote ulikaa hapo, kwenye "au".

Niliporudi nikaikata migomba ya nyuma ya nyumba,
yote, na machipukizi, na machipukizi ya machipukizi.
Time hakuuliza.
Miaka arubaini na kitu mke wangu ananunua ndizi sokoni
ilhali udongo wetu ungeotesha hata fimbo.
Miaka yote hiyo ananiamsha kwa kusimama mlangoni,
Faki Shaame, Faki Shaame,
jina langu na la baba yangu, alfajiri,
kama karani anayeita watu daftarini.
Hajawahi kunigusa nikiwa nimelala.
Nilidhani ni heshima.

Sista Raya ni mdogo kwa binti yangu.
Kalamu yake imefungwa uzi kwenye mguu wa meza.
Anasoma karatasi: Unaota ndoto zinazokurudisha kule?
Kamwe, mara chache, kila wiki, kila siku.
Kuna mahali unapakwepa? Unashtuka upesi?
Khatibu katazama sakafu. Kila swali, kimya.
Na mimi kwenye benchi la wasindikizaji
nikakikuta kichwa changu kinaitikia.
Kila siku. Ndiyo. Ndiyo. Migomba.

Kalamu ikasimama.
"Na wewe, mzee?"
"Mimi nimemsindikiza tu."
"Tangu lini?"
Sikujua anauliza nini. Nikajibu:
"Sabini na tisa."

Alikiita kiwewe. Neno nalijua,
mama alilitumia kwa kuku:
kuku kaona mwewe, mwewe keshakwenda zake,
kuku bado anazunguka ua, shingo juu.
Sikujua kwamba kina dawa, na kiti,
na saa nzima kwa wiki ya mtu anayesikiliza
asiye na haraka ya kwenda kuanua karafuu.

Khatibu akageuka. Ndiyo mara ya kwanza
kunitazama usoni tangu arudi.
"Mjomba. Ulikuwa unajua.
Ukajua, ukaninyamazia."
Kombe halina kosa. Kosa lina jina,
na jina la baba yake.
Sikuwa na jibu. Sinalo.

Usidhani nimepanda mgomba. Sijapanda.
Vidonge vinanikausha mdomo,
na Idi hii watoto waliporusha fataki
nilikuwa chini ya meza, mjukuu kaja nyuma yangu
anacheka, akidhani tunajificha.
Tulijificha.

Leo Khatibu kakataa kwenda.
Nimevaa koti, nimemwambia Time
nafika Wete mara moja, kununua sukari.
Alikuwa anachambua, karafuu huku, makonyo kule.
Hakuinua macho.
"Sukari ipo," kasema.
"Nenda."