Mwanasesere wa Nane

Mwalimu Skolastika alikuja na kurasa za kalenda ya zamani.
"Nishonee dunia, Bi Somoe.
Darasa la tatu wakisimama ukingoni hapa Newala
wanaiona Msumbiji, wanadhani ndiyo mwisho."
Nikamwambia dunia ni kubwa, mimi nina vipande tu.
"Nayo ni vipande," akasema.

Nikaanza na Mjapani.
Joho lake bitana ya suti
ya bwana harusi ambaye hakurudi kuichukua
(ananikwepa sokoni, namdai elfu kumi na tano).
Mnorwei nywele katani, hazikutaka rangi,
sweta soksi ya mtumba;
nilimwonea huruma na jua letu la Oktoba.
Mtuaregi nikamfunga kaniki mpaka puani.
Mperu kofia yenye masikio.
Wakafika saba, macho vifungo vya shati,
na matumboni, wote, sufi ya mti mmoja
unaopukutika nyuma ya zahanati.

Siku ya kuwapeleka nilisimama dirishani.
Watoto wakapokezana ile dunia
kama vifaranga wa siku moja.
Chitanda, yule wa maswali,
akawahesabu, akarudia kuhesabu:
"Sisi tuko wapi?"
"Sisi tuko hapa, tumekaa," akasema mwalimu.
"Na Mjapani yuko kwao, amekaa.
Mbona yeye ameshonwa?"

Basi darasa likawa mnada.
Atiwe chale, awekwe ndonya,
kama bibi yangu aliyezikwa mwaka ule wa mafuriko!
Mama yangu hana ndonya, ana simu.
Ana dera, ana hereni moja.
Mimi ni Mmakua, awe Mmakua.
Dada yangu anabangua korosho,
mtie vidole vyeusi.

Nilishona siku tatu, nikafumua mbili.
Chale nilizitia kwa uzi, nikazitoa,
nikazirudisha shavu moja.
Nikamvika kitenge, na chini ya kitenge jezi ya njano
kwa sababu ndivyo alivyovaa mwanangu asubuhi ile
akienda kuteka maji.
Vidole nikavichovya kwenye mafuta ya maganda.
Yaliniunguza mimi. Yeye hakulia.

Chitanda alimshika muda mrefu.
Hakusema kama amefanana na mtu.
Akamwinua Mjapani kwa mkono wa pili,
akafunua kola kidogo, akachungulia
kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.
"Na huyu," akaniuliza, "ndani umemvalisha nini?"

Nilikuwa na pini mdomoni,
nikashukuru kwamba nina pini mdomoni.

Jioni nilirudi na Mjapani kapuni.
Nikapekua mabaki chini ya cherehani,
nikaipata ile njano,
kipande kidogo, kimekunjamana.
Kilitosha mkono mmoja.