Vipimajoto Viwili

Somo lenyewe tulilazimishwa.
Mimi wa uhasibu, Muhanna wa utalii,
Rayya wa sheria, anayekoroma macho wazi:
bila alama tatu za sayansi chuo hakikupi cheti.
Tuliingia darasani kama watu waendao kung'olewa jino.

Bi Thuwaiba hakuandika fomula.
Alitutoa nje, nyuma ya maegesho,
Nizwa, Julai, saa saba mchana,
mlima umepauka kama mfupa uliosahauliwa na mbwa.
Ukutani akatundika vipimajoto viwili,
mapacha wa duka moja.
Pacha mmoja akamwacha uchi.
Wa pili akamvika soksi iliyolowa maji
("ya mwanangu, imefuliwa, msinitazame hivyo").

Tukasubiri. Muhanna akalalamikia viatu vyake.

Aliye uchi: arubaini na nne.
Mwenye soksi: ishirini na tatu.

Hewa ile ile. Ukuta ule ule.
Rayya akazinduka, mara ya kwanza tangu muhula uanze:
"Basi mmoja wao ni mwongo."
"Hakuna mwongo," akasema Bi Thuwaiba.
"Maji hayapandi hewani bure.
Kila chembe inayoondoka hulipa nauli,
nauli yenyewe ni joto,
na joto hilo huchotwa mfukoni mwa anayebaki."

Hapo nikasikia lugha yangu.
Kinachotoka huku kimeingia kule,
hakuna baisa inayopotea, ila asiyejua kusoma daftari.
Nikaukumbuka mtungi wa nyumbani, unaovuja jasho kivulini,
na mimi mdogo, nimeshika kitambaa, naupangusa ukauke,
nikidhani nausafisha,
kumbe nauibia ubaridi wake.

Nikaomba kuazima vile vipimajoto.
Sikusema kwa nini.

Ijumaa nilikwenda Sohar.
Kaka yangu Nabhan alikuwa kitandani tangu Jumanne,
aliangukia gatini saa kumi alasiri,
mapumziko ya lazima yamekwisha, jua limeanza kulegea,
chupa mkononi, nusu ina maji.
Msimamizi wake alisema: mvivu wa kunywa.
Ami zetu wa bara walisema: joto gani la pwani hilo!
Sisi huku tunafika arubaini na tano na tunacheza mpira.
Nabhan hakusema kitu. Aligeukia ukuta.

Nikatundika mapacha kwenye reli ya ua wa hospitali.
Soksi ilikuwa yangu safari hii.
Mlinzi akaniuliza kama ni uchawi.
Nikamwambia ni alama tatu.

Aliye uchi: thelathini na nane.
Mwenye soksi: thelathini na moja.

Saba tu.
Nikavihesabu tena vile vistari, kidole kikitetemeka.
Nizwa hewa ina njaa, inapokea kila chembe;
hapa imeshiba bahari mpaka kooni.
Nauli unayo, gari limejaa.
Jasho lilimtoka Nabhan, shati lilikuwa shahidi,
lakini lilidondoka sakafuni bila kubeba chochote,
na joto likabaki ndani, mgeni asiyeaga.

Nilimweleza haya yote vibaya, nikirudia rudia,
nikichora kwenye karatasi ya dawa.
Alisikiliza. Kisha akauliza jambo moja tu:
"Kwa hiyo sikuwa mvivu?"

Mtihani ulikuja mwezi wa nane.
Swali la nne: Eleza, kwa maneno yako mwenyewe,
kwa nini mvuke huondoka na joto.
Niliandika kurasa mbili. Niliandika mtungi, gati, shati,
niliandika jina la mtu, jambo ambalo halitakiwi.

Karatasi ikarudi na saba juu ya kumi,
na mwandiko mdogo wa Bi Thuwaiba pembeni:
"Hoja ni sahihi. Maneno mengi.
Thelathini na moja nini? Umesahau nyuzi."

Ni kweli.
Niliiandika peke yake.