Mdhamini wa Kwanza

Jumanne ya nne sasa naipanda ghorofa hii
kwa ngazi, maana lifti imekufa
na hakuna aliyeidai cheti.

Dirisha namba sita. Karani ana mafua,
kalamu yake imefungwa uzi kama mbuzi.
Napenyeza karatasi chini ya kioo:
cheti cha kifo, kibali cha mazishi,
barua ya chifu wa Wundanyi, muhuri umepinda.
"Na kitambulisho cha mwenye deni?"
Kilichukuliwa na hao walioandika cheti.
Walikikata pembe kwa makasi, nikiona.
"Kitatakiwa, dada. Asilia."

Mwakio alisomea madaraja.
Aliwahi kunichorea kwenye pakiti ya unga:
mzigo hapa, nguzo hapa,
na huu mshale mdogo ndio unaobeba vyote.

Siku mkopo ulipoingia tulinunua nyama robo,
soda mbili, tukacheka hadi jirani akagonga ukuta.
Sahihi yangu ilikuwa pale chini,
palipoandikwa mdhamini wa kwanza.
Kukopa harusi, kulipa matanga.
Lakini matanga mimi nimeshayakaa,
siku nne, chai ya watu mia mbili.
Kumbe kuna mengine.

Laini yake bado naitilia salio.
Kila tarehe tano inalia juu ya kabati:
*Mpendwa Mwakio, adhabu ya mwezi huu imeongezwa.*
Hakuna mwingine amwitaye mpendwa siku hizi.
Hata mama husema tu "yule".

Dawa ya deni kulipa, sawa;
mgonjwa keshazikwa, dawa bado yaandikwa.

"Msamaha upo," karani anapenga kamasi,
"upo kwenye kifungu, ila kamati ndiyo huamua,
na kikao cha Juni hakikutimiza akidi."
Anautaja msamaha kama mtu atajaye mji
ambao hajawahi kufika.

Kisha fomu nyingine, ya waridi.
Penye *sababu ya kutolipa* pana mstari mmoja,
mfupi kuliko jina lake.
Naandika: Hayupo.

Karani anasoma. Anauvuta uzi wa kalamu.
"Hayupo nchini?"

Nyuma yangu foleni inakohoa.
Yumo, namwambia.
Ndani kabisa.

Anatia alama: yupo.