Kinga

Usiku ule Shadya alipovuka kizingiti kwa magoti yake mwenyewe
nilingoja mamake alale,
nikazima televisheni, nikakaza kikoi,
nikatambaa.

Mtu mzima, fundi wa mabomba, miaka thelathini na minane,
naburura tumbo kwenye saruji ya nyumba ya kupanga, Majengo,
kama mwizi aliyeangusha funguo.

Kwanza waya wa pasi.
Waning'inia ukingoni mwa meza, waita: nivute.
Pasi yenyewe, ukiwa huku chini, huioni.

Chini ya kitanda, chupa ya soda,
ndani mna mafuta ya taa.
Aliyeiweka ni mimi. Stima zilipokatika juzi
nilijisifu kwa akiba.
Karatasi yake ingali na picha ya chungwa.
Shadya hajui kusoma. Chungwa analijua.

Seredani, ambayo kwangu ni kitu cha magotini,
ilinitazama machoni.
Na sumu tuliyomtegea panya
tumeitega apitapo panya,
na panya hupita apitapo Shadya.

Kisha ndoo.

Maji mtaani kwetu huja kama mgeni wa serikali,
siku hayasemi, na yakija twaacha kila kitu.
Jumanne, saa nane za usiku, bomba lilikohoa,
tukaamka nyumba nzima kukinga:
pipa, madumu, sufuria ya pilau, beseni,
hata birika la marehemu nyanya.
Hii ya lita ishirini ikabaki mlangoni mwa choo,
imefika nusu tu. Nusu!
Nilipiga magoti mbele yake, mdomo wake ukanifika kifuani.
Taa ya ukumbini ilikuwa mle ndani, yacheza.
Wallahi, hata mimi nilitaka kuishika.

Kichwa cha mtoto ndicho kizito.
Kikitangulia, miguu haina la kusema.

Bi Zulekha wa nyumba ya tatu alinisimulia mara moja, hajarudia.
"Nilikuwa naanika. Nguo tatu.
Hakupiga kelele. Watu hudhani kuna kelele.
Kile kimya, mwanangu, nilikishukuru,
nikasema leo kalala mapema."

Matangani tuliambiana ajali haina kinga.
Nami niliitikia, kahawa mkononi, nikatikisa kichwa.
Lakini mimi ni fundi, kinga naijua kwa bei:
komeo la mlango wa choo, shilingi themanini,
kifuniko cha pipa, na jiwe juu yake,
rafu moja iliyo juu zaidi ya kiti.
Tumefunzwa tangu utotoni kukinga maji.
Kumkinga mtu na hayo maji
tumemwachia Mungu, kana kwamba Yeye hakutupa mikono.

Basi nikayamimina pipani, nikafunika.
Ndoo nikaipindua.
Chupa ya chungwa nikaipandisha juu ya kabati,
nikaikwangua ile karatasi kwa ukucha.
Mwanasiti aliamka akaniona sakafuni, magoti meusi.
"Wafanya nini?"
Nikamwambia natafuta.
"Watafuta nini?"
Sikuwa na jibu. Akashuka kitandani, naye akatambaa,
na dakika haikupita alikuwa na kifungo cha shati,
sindano, na betri ndogo ya saa
ambayo mimi nilikuwa nimeipita.

Bado kisima cha uani.
Mwenye nyumba nimemwambia mara mbili,
mara zote mbili akanijibu inshallah
kwa ile sauti ya mtu anayefunga simu.
Ya tatu sisemi. Nimepima mwenyewe,
mbao nimezikata, bawaba ninazo.

Leo asubuhi napigilia.
Nyuma yangu Shadya ameikuta ndoo imelala kifudifudi,
aipiga kwa viganja vyote viwili, yalia mtaa mzima,
jirani ashalalamika.
Mpige kelele nyote mtakavyo.
Ikinyamaza,
naitupa nyundo.