Omo na Tezi

Emőke hakuulizi umepiga kafi miaka mingapi.
Anauliza: unakwenda na nani?
Ana vidole vya dereva wa tramu mstaafu,
vinashika kikombe kama mpini wa breki,
na nyuma yake, bandani, kayaki zimelala rafuni
kama mikate ya jana.

Ukisema, na mpenzi, ndiyo wiki ya tatu,
atawatuma Lupa, shimo la kokoto la zamani
ambalo sasa ni ziwa la kuonea kucha za miguu yako.
Msimame juu ya mbao. Mmoja aanguke, mwingine acheke.
"Hapo utajua kicheko chake kina meno au hakina."
Ukisema, na baba, goti lake bovu,
ni tawi la Soroksár, lililofungwa malango juu na chini,
maji yamekaa kitako kama mgeni aliyeshiba,
na wavuvi wa vibarazani watawasalimu kwa nyusi.
Ukisema, peke yangu,
atakutazama kidogo, atakukaza kamba za jaketi mwenyewe,
na pa kwenda hakwambii.

Mimi nilisema: na binti yangu.
Miaka kumi na mitatu.
Toka Machi ananijibu kwa mabega.

Akatema kokwa ya cheri. "Chukua ya watu wawili.
Yeye omo, wewe tezi. Pandisheni mto,
mjibane na ukingo wa kushoto, mkondo ni mnyonge pale.
Na wewe, usimuulize kitu."

Boróka alipiga kafi
kama anayefagia chumba cha mtu mwingine.
Matone yake yakanipata usoni.
Nilichokiona ni kisogo,
mkia wa nywele, lebo ya jaketi iliyopinduka
(nilitaka kuirudisha ndani, mkono haukufika).
Mierebi ikapita polepole, polepole mno;
mti tulioudhani tumeuacha ulikuwa bado ubavuni,
Danubi haina haraka ya kukupisha.

Chini ya daraja la Megyeri
malori yalinguruma kama watu wanaohamisha makabati.
Hapo akasema. Hakugeuka.

"Maji haya yamepita Győr?"
"Karibu yake."
"Lini?"
Nikapiga hesabu, mjinga mimi, nikaifurahia hesabu:
siku moja na nusu, labda mbili.
"Basi juzi mama aliyaona."

Kafi langu likakosa maji, likachota hewa.

"Nataka kukaa huko. Kuanzia Septemba."

Husemwa: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Chombo chetu hakikuwa na ngama.
Kilikuwa plastiki ya njano, matundu mawili ya kukalia,
na kati yetu chupa ya maji ikibingirika
huku na huku, huku na huku.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi, ya wakili.
Lakini tishari la kokoto lilikuwa linashuka,
zito, limezama hadi shingoni,
na nyuma yake mawimbi yakija kwa mistari.
"Baba, geuza! Omo kwenye wimbi! Kulia, kulia, sasa!"
Nilimfundisha hayo akiwa na sita, kwenye beseni la kuogea,
kwa kiatu chake cha mpira.
Nikatii. Tukapanda, tukashuka, tukapanda.
Alilowa mpaka kifuani, akapiga ukelele
ambao sikuusikia tangu Krismasi.

Kurudi hatukupiga kafi.
Kilichotugharimu saa mbili mto ukakirudisha bure,
kwa dakika ishirini na kitu.
Mierebi ileile, sasa ina haraka.

Kibandani tulikula lángosi, krimu hadi viwikoni,
kitunguu saumu cha kufukuza rafiki.
Emőke alihesabu makafi, hakuhesabu kingine.

Nikasema, nikitazama sahani:
"Kutoka Győr kuja huku, ni kushuka mto tu."

Boróka alilamba kidole gumba.
"Siku tatu," akasema. "Nimeshaangalia.
Kulala ni visiwani. Hema tunalo."