Kosa Jipya

Jumatano, saa moja na nusu jioni,
chumba cha nyuma cha kanisa, Kirkcaldy,
mji ambao jina lake lina herufi
iandikwayo kila kibao na haitamkwi na mtu.
Radieta inakohoa. Biskuti sahanini.
Tuko tisa, picha zetu zimelala mezani kifudifudi
kama karata.

Yangu ilikuwa ya nne.
Mfagiaji wa barabara ya ufukweni,
asubuhi baada ya bahari kuruka ukuta
na kumwaga mchanga hadi mlangoni pa duka la chipsi.
Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba,
nikampiga kutoka ng'ambo, nyuma ya kituo cha basi.
Mawingu yalikuwa mazuri. Nilijua yalikuwa mazuri.

Kwetu ukionyesha picha, unasifiwa, basi.
Mama aliisifu hata ile ya kidole changu
kilichoziba lenzi. Akaituma kwa shangazi, Korogwe.

Effie Drysdale hakusifu.
Miaka thelathini alikagua linoliamu kiwandani,
mabunda yakikunjuka mbele yake, yeye akiwinda doa.
Akavaa miwani. Kimya.
Nikahesabu vikohozi vya radieta: kumi na kimoja.
Kisha: "Ulitaka nitazame nini?"

Nikasema, mtu. Na mawingu. Na bahari, na fagio,
na ile rangi ya…
"Vyote hivyo?"

Akatoa mkobani vipande viwili vya kadi nyeusi
vilivyokatwa kama pembe za fremu,
akavilaza juu ya picha yangu, akavisogeza taratibu.
Likaenda wingu.
Ikaenda bahari.
Likaenda gari jekundu ambalo, wallahi, sikuwahi kuliona.
Akabaki mtu, mdogo kama punje ya mtama,
mikono yake chengachenga.
"Picha iko hapa," akasema. "Ila bado hujaipiga.
Kamera yako haina neno. Wewe umesimama mbali."

Nilirudi kwa miguu nikimjibu njia nzima,
kwa Kiswahili, peke yangu, kwenye manyunyu.
Anajua nini yeye? Amwendee yeye basi
mwanamume asiyemjua, alfajiri,
na hijabu hii, na lafudhi hii, na kamera shingoni!
Ufunguo ukiwa kwenye kitasa
ndipo nikasikia nilichokuwa nikisema.
Hakuna mahali nilipotaja lenzi.

Wiki tatu baadaye bahari ikaruka tena.
Nikavuka barabara. Hatua kumi na nne, nilizihesabu.
Nikamwomba. Akaegemea fagio,
akauliza picha ni za nini.
Nikasema, najifunza.
Akacheka, akaendelea kufagia, nikaendelea kupiga.
Anaitwa Lachlan. Glavu zake
amezizungushia utepe wa buluu kwenye vidole gumba,
kwa sababu, anasema, gumba ndilo hufa kwanza.
Kituo cha basi hakingeniambia hayo.

Jumatano. Radieta. Effie akaziweka zile kadi mezani
na hakuzigusa tena.
Akaisogeza picha chini ya taa,
akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye miwani.
"Nauona utepe," akasema. "Nataka kuuona zaidi.
Lenzi yako imependa kitufe cha koti."
Nikatazama. Kweli.
Kitufe kinang'aa kama sarafu iliyotoka benki,
utepe wa buluu, mita nzima ya maneno ya Lachlan,
umeyeyuka pembeni.
Moyo ukashuka kidogo, lakini haukufika sakafuni.

"Lile la mwezi uliopita silioni," akasema.
"Hili ni kosa jipya."
Akanisukumia sahani ya biskuti.
Nikachukua mbili.