Nafasi ya Kulia

Saa nane usiku, Mji Mpya. Mashine imepata moto
na haina cha kula.
Kwenye bango, kushoto, mgombea anatabasamu meno yote.
Kulia kwake kuna kivuli cha kijivu,
kichwa na mabega tu,
kama pasipoti ya mtu ambaye hajazaliwa.
Chini yake nimeandika JINA JINA JINA
nipate kupima upana wa herufi.

Ndahani, mtu wao, amekalia rimu za karatasi,
simu tatu mapajani, zote kimya.
"Acha nafasi," ananiambia, "jina linakuja."
Refu au fupi?
"Litatoka ng'ambo ya maji, hilo ni la lazima,
Muungano una miguu miwili.
Mengine wanayapima."

Wanayapima. Taa za ukumbini hazijazimwa tangu magharibi.
Wakili wa Wete ana kisomo, hana watu.
Mama wa Mkoani ana watu,
ila watu wake wanamzidi mwenye bango.
Yule mwingine ana sauti nzuri mno,
na uwanjani wakishangilia wa pili, wa kwanza ataketi wapi?
Wanatafuta mkubwa asiyeonekana mkubwa.
Wanatafuta kivuli chenye shahada.

Mimi neno hili nililijulia kwingine.
Mama yangu alikuwa mwenza.
Mvumi, tembe moja, milango miwili,
ukuta mmoja kati yake na mke mkubwa.
Aliyemchagua hakuwa baba.
Ni Mbeleje mwenyewe, mke mkubwa, aliyezunguka vijiji vitatu
akitazama mikono ya wasichana kisimani.
Alimtaka mwenye nguvu ya kutwanga uwele
na asiyeimba akitwanga.
Akampata mama.

Miaka tisa mama alipika mlenda, akapakua,
akarudi nyuma hatua mbili.
Kisha Mbeleje akalala na homa, hakuamka.
Arobaini ilipokwisha, baba akampa mama ufunguo wa ghala
mbele ya ukoo mzima,
na ndipo tuliposikia sauti yake. Ilikuwa nene.
Alihesabu magunia, moja moja, kwa sauti,
na mawili hayakuwepo.
Baba akawa anatazama vidole vya miguu yake.

Hilo nalo wanalipima?
Simuulizi Ndahani.
Kuna swali ambalo usiku kama huu halitamkwi
hata na waliokesha kulijibu:
na siku kile kiti kikibaki wazi?

Saa kumi. Simu moja inatetemeka.
Anasikiliza, anasimama, anakaa.
"Lilikuwepo jina. Limerudishwa."
Upepo wa Agosti unausukuma mlango wa bati,
vumbi linafika hadi kwenye wino.
Namsogezea zabibu, sahani ya plastiki;
anakula moja, mbegu anazitema kiganjani
na hajui azitupe wapi.

Kulia. Kiswahili hakina aibu:
ni upande,
ni machozi,
ni mkono wa kulia ugali.
Anayekuja atakaa hapo kwa lipi kati ya hayo?

Adhana ya Nunge ndiyo kwanza imekwisha jina linapokuja,
herufi kwa herufi, Ndahani akirudia
kama mtoto anayeagizwa dukani.
Naandika. Ni la mwanamke. Simfahamu.
Ni refu, halienei.
Nalibana, linagoma; nalikata, linakuwa la mtu mwingine.

"Fanya lienee," anasema Ndahani, macho yamemwiva.

Basi napunguza la mgombea. Saizi mbili tu.
Ukisimama barabarani huwezi kuona.
Nabonyeza, na mashine inaanza kula.